Makorokoro ya Ndani na Mtoto Anayelelewa: Namna ya Kutoa Bila Kumdhalilisha Mtu

Leo naomba tuongee habari ya makorokoro. Najua wengine mko hapo kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kila nyumba huku kwetu Namungo, na nikisema Namungo nina maana pande zote hizi za Ruangwa na Nachingwea, sio timu ya mpira peke yake, ina chumba kimoja ambacho mlango wake haufunguki vizuri. Ukisukuma unagoma katikati. Nyuma yake kuna magunia ya msimu uliopita, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, redio iliyokufa, madumu yaliyopasuka, viatu vya mtu ambaye siku hizi anavaa namba tisa, na mafurushi ya nguo ambayo hakuna anayekumbuka yalifungwa lini. Chumba hicho kinaitwa stoo, lakini ukweli ni kwamba ni kaburi la vitu.

Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye stoo ya namna hiyo. Desemba 2024 tuliifungua familia nzima, na kilichotokea siku ile ndicho kimenifanya niandike hapa.

KWA NINI VITU VINAJAA

Wengine husema watu wa Kusini ni wavivu wa kupanga nyumba. Sikubali. Vitu vinajaa kwa sababu ya namna hela inavyoingia. Huku tunaishi kwa misimu. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, kisha mbaazi, halafu kuanzia mwezi wa kumi hivi minada ya korosho inaanza chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Hela ikiingia inaingia kwa mkupuo. Ndio wakati wa kununua mabati, godoro, nguo za watoto, simu. Cha kipya kinaingia, cha zamani hakitoki.

Halafu kinakuja kipindi cha kati ya Januari na mavuno, mfuko mtupu, shule zimefunguliwa. Hapo mtu anakumbuka kwa nini hakutupa lile dumu. Mtu aliyewahi kukosa hatupi kitu ovyo, na huo sio ujinga. Bi mkubwa wangu ana msemo wake: "Kiweke, kitafaa." Na kweli vingine vinafaa. Tatizo ni kwamba huku stoo haihifadhi, inaua. Mchwa wanapanda ukutani, panya wanatengeneza nyumba kwenye sweta, mvua za Desemba zikianza bati linavuja palepale juu ya furushi. Nguo iliyokaa miaka mitatu "ikingoja kufaa" ukiitoa inachanika mkononi. Ungeitoa mapema ingemvalisha mtoto miaka miwili.

Kuna mama mmoja wa Kijapani anaitwa Marie Kondo, kitabu chake kuhusu kupanga nyumba kilitoka kwao na kikasambaa duniani. Yeye anasema ushike kitu mkononi, ujiulize kama kinakupa furaha, kama hakikupi kiage kiende. Nilimsimulia mzee wangu akacheka, akanyoosha kidole kwenye jembe. Akasema, "Hili halijawahi kunipa furaha hata siku moja, nilitupe?" Kwa hiyo kwetu swali nililibadilisha: Je, kuna mtu mwingine ambaye kitu hiki kingekuwa kinafanya kazi kwake leo, wakati kwangu kimelala? Swali hilo jembe linafaulu, na sweta la panya linafeli.

MTOTO ANAYELELEWA NI NANI HASA

Hapa watu wengi wanachanganya, tuelewane kwanza.

Mtaani ukisema "mtoto wa kambo" mtu anaelewa mtoto ambaye mke au mume alikuja naye. Lakini kwenye lugha ya serikali "malezi ya kambo" ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 (Sheria Namba 21), malezi ya kambo ni pale mtoto asiye na wa kumtunza anapowekwa kwenye familia nyingine kupitia ofisi ya Ustawi wa Jamii. Mlezi lazima awe na umri zaidi ya miaka 21 na tabia njema inayojulikana. Mtoto hapo anatunzwa, lakini undugu wake na wazazi wake haufutwi, na mambo yakitengemaa kwao anaweza kurudi. Kuasili ni hatua nyingine tofauti kabisa: hapo mtoto anakuwa wako kisheria moja kwa moja, na amri inatolewa na Mahakama Kuu. Zanzibar wana sheria yao, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo inatambua pia kafala, yaani malezi kwa utaratibu wa Kiislamu.

Halafu kuna makao ya watoto, wengi tunayaita vituo vya yatima. Yale ya taifa yako Kurasini, Dar es Salaam, na Kikombo, Dodoma. Mtu akisikia "tuchangie watoto" akili inakimbilia huko, anawaza gari lililojaa maboksi.

Lakini angalia mtaani kwako. Watoto wengi wasiolelewa na wazazi wao hawako kwenye kituo chochote. Wako kwa bibi. Wako kwa mjomba. Wako kwa mama mkubwa. Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wa pande hizi asili yao wanahesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mama akifariki au akienda kutafuta maisha mjini, watoto wanabaki kwa watu wa mama. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna afisa aliyekuja. Asubuhi moja tu bibi anapika uji wa watu wanne badala ya mmoja.

Kwa hiyo mtoto unayemtafuta kwa msaada huenda hana haja ya gari wala maboksi. Anachota maji kisima kimoja na wewe. Au analala chumba cha pili hapo hapo kwenu, kama ilivyokuwa kwetu.

SIKU TULIYOFUNGUA STOO

Tulitandika turubai la kuanikia korosho chini ya mwembe, tukatoa kila kitu nje juani. Mzee, bi mkubwa, mimi, wadogo zangu wawili, na binti wa marehemu mama mdogo, ambaye tunaishi naye tangu 2023. Wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Kazi ilienda kwa vicheko. Tulikuta chaja saba za simu ambazo hatuna. Tulikuta sahani ya harusi ya wazazi. Mdogo wangu alikuta jezi yake ya Namungo ya msimu ule timu ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, mwaka 2020. Sasa inamfika kitovuni, na akagoma kabisa kuitoa.

Kila mtu alikuwa anachambua vyake, anaweka mafungu. Yule binti alikuwa amekaa kwenye shina la mwembe, mikono mapajani. Bi mkubwa akamuuliza, "Mwanangu, mbona wewe hujaleta vyako?"

Akajibu kwa upole tu, bila kununa, "Mama mkubwa, mimi si nangoja mkimaliza?"

Bi mkubwa akaacha kukunja nguo. Hakuna aliyecheka tena.

Manake alichosema ni kweli. Alikuja kwetu na kiroba kimoja. Tangu siku ile hadi siku ya mwembe, kila alichovaa kilikuwa kimeanza kwa mdogo wangu wa kike, kikachoka, kikateremka kwake. Hatukumnyanyasa, alikula tunachokula, shule alienda. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshajipanga: nyumba hii ina wanaochagua, na ina anayengoja kilichobaki. Na wakati huo huo sisi tulikuwa tunajiona watu wema, tunaandaa furushi la "watoto wenye shida".

Sheria ile ile ya Mtoto inataja haki za mtoto kwa yeyote anayemlea: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, uhuru, na kucheza. Nilikuwa nadhani tumezitimiza zote. Kumbe mavazi peke yake hayatoshi, kuna swali la nani anachagua kwanza.

Huko Marekani kuna jambo linalofanana na hili. Kwa miaka mingi watoto wa malezi ya kambo wamekuwa wakihamishwa nyumba hadi nyumba na vitu vyao kwenye mifuko ya takataka, mpaka baadhi ya majimbo kama Oregon na Texas yakapitisha sheria kwamba wapewe mabegi. Nikiwaza kiroba cha ndugu yetu naelewa kwa nini watu wazima walikaa bungeni kujadili begi. Mtoto anasoma thamani yake kwenye kile alichobebea vitu vyake.

Turudi kwenye mwembe. Bi mkubwa alimwambia aanze yeye kuchagua, kwenye mafungu yote, na kisha alete vyake naye achambue kama wenzake. Akaleta kiroba. Ndani kulikuwa na gauni la njano alilonunuliwa na mama yake. Halimwenei tena, linamkaba mabegani. Alilikunja akalirudisha. Hakuna aliyemwambia alitoe. Akatoa sketi yake ya bluu ya darasa la kwanza, akaomba sindano, akashona ndoana iliyokuwa imelegea. Akasema, "Hii kuna mtoto itamtosha." Siku hiyo naye alikuwa mtoaji.

SASA, FANYENI HIVI

Haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa kukosea.

1. Chagueni Desemba. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, mvua kubwa bado, na Januari mtoto yeyote wa shule atahitaji sare na madaftari. Elimu bila ada ipo tangu Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa nyumbani. Bibi anayelea wajukuu watatu anaujua mzigo huo vizuri.

2. Toeni kila kitu nje. Ukichambua ndani ya stoo utarudisha kila kitu. Kikiwa juani kinaonekana kilivyo.

3. Wekeni mafungu manne: kinachobaki, kinachotengenezwa, kinachotolewa, kinachotupwa. Fungu la kutengenezwa lipewe mwenyewe na tarehe, la sivyo litarudi stoo. Baiskeli yetu ilipata gurudumu ndani ya wiki kwa sababu mzee alipangiwa siku.

4. Mwenye kitu ndiye anaamua. Usitoe kitu cha mtoto kwa nyuma yake. Jezi ile ibaki, gauni lile libaki. Ukimpora mtoto ili umpe mwingine, umemfundisha kuchukia kutoa.

5. Mtoto mnayemlea achague na wenzake, sio baada yao. Kama kuna cha kipya kimoja, zamu iwe yake pia.

6. Kipime kwa mwanao. Kabla ya kukiweka kwenye fungu la kutoa jiulize: mwanangu angeenda nacho shule kesho? Kama jibu ni hapana, hicho ni tambara la kudekia, kiite kwa jina lake. Msikitini na kanisani tumefundishwa wote kwamba sadaka haitolewi kwenye kibovu.

7. Fueni, pigeni pasi, shoneni vifungo. Nguo za ndani zilizovaliwa msitoe. TBS wanakataza hata kuziuza kwenye mitumba, sasa umpe mtoto? Nunua mpya hata mbili.

8. Madaftari yaliyotumika nusu yana kurasa tupu. Tulizichana taratibu, tukazishona kwa uzi na jalada la boksi, tukapata madaftari sita. Vitabu vya kiada muulize mwalimu kwanza, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, na kitabu cha zamani kinaweza kumpoteza mtoto.

ULIZA KABLA HUJABEBA

Hili nalitenga kwa sababu ndipo tulipokosea kidogo tushindwe. Mimi nilitaka tubebe furushi siku ile ile. Bi mkubwa akakataa. Akamuuliza kwanza mwenyekiti wa kitongoji ni nyumba gani zina watoto wanaolelewa na ndugu, kisha akaenda mikono mitupu kumsalimia bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Akakaa, akapiga hodi ya maneno kwanza. Wakaongea habari za shamba, baadaye sana ndio akauliza, "Mama, watoto wanaendeleaje na maandalizi ya shule?"

Bibi hakutaja nguo. Nguo alikuwa nazo, watu walishaleta, nyingine za ukubwa usio wa mtu yeyote pale nyumbani. Alitaja shuka, begi, na viatu vyeusi vya mmoja tu. Na akataja kitu ambacho hakuna stoo inacho: mjukuu mkubwa hana cheti cha kuzaliwa, na bibi hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo furushi letu nusu lilienda kwingine, na sisi tulitafuta shuka. Cheti nacho, mzee alifuatana na bibi hadi wilayani kwenye habari za RITA. Ile siku moja ya mzee kusimama foleni nadhani ilizidi kila kitu tulichotoa kwenye turubai.

Kama hujui uanzie wapi, anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, mwalimu, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa huyo anajua pia familia zenye malezi ya kambo kisheria, na anaweza kufikisha vitu bila mtoto kujulikana kwa kila mtu. Na ukiona mtoto ananyanyaswa pale anapolelewa, hapo sio suala la nguo tena, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto.

NA PICHA JE?

Wadau wa mitandao, hapa mtanisamehe. Msipige picha. Nilipokuwa kidato cha pili walikuja wageni shuleni na msaada wa madaftari. Ikasomwa orodha mstarini, waliofiwa na wazazi watoke mbele. Rafiki yangu mmoja jina lake lilisomwa mara mbili, hakutoka. Alibaki amesimama na sisi, anaangalia chini. Alipoteza madaftari manne siku ile kwa hiari yake, na yalikuwa yanamhitajika sana. Baadaye aliniambia, "Daftari nitapata. Jina la yatima likishakaa halitoki."

Sasa fikiria jina hilo likae kwenye intaneti, na picha, na sura yake ameshika sabuni. Mtoto yule kesho atakuwa kijana, ataomba kazi, ataposa. Picha itakuwa bado ipo. Wewe ulitaka watu waone moyo wako, lakini walichokiona ni umaskini wake.

Peleka jioni. Mpe mlezi, sio mtoto mbele ya mlezi. Mwache bibi awe ndiye anayempa mjukuu wake viatu. Hapo mtoto analala akijua bibi yangu amenipatia, na heshima ya nyumba ile inabaki mahali pake. Kuna furaha gani nyingine unaitafuta?

KWA KUMALIZIA

Stoo yetu sasa mlango unafunguka mpaka mwisho. Tumeweka kitanda, ndipo analala yule binti na mdogo wangu wa kike. Kile kiroba hakipo tena, ana begi lake, jipya, la kwanza kununuliwa kwa ajili yake. Gauni la njano liko ndani ya begi.

Bi mkubwa bado anasema "Kiweke, kitafaa." Ila siku hizi anaongeza, "Kitamfaa nani?"

Nyie huko kwenu mnafanyaje? Kuna aliyewahi kupewa kitu akajisikia vibaya, au akajisikia vizuri? Hasa mliolelewa na bibi au mjomba, semeni, nyie ndio mnajua kuliko mimi. Majina sio lazima. Maoni yako wazi hapo chini, tuheshimiane tu.

Nawasilisha.